Skanki: Ngozi ya Thamani, Jina la Aibu

Hotuba kwa jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili, Iowa, Marekani

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu wa Kongo, Burundi, Rwanda, Tanzania na Kenya, na ninyi vijana mliojibanza nyuma karibu na mlango, hamjambo. Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya mnyama mmoja tu, na amenionya nisimle muda mgeni atakayenifuata. Kaniteua mimi kwa sababu kazi yangu, kama wengi mnavyojua, ni kuondoa wanyama pori kwenye nyumba za watu. Kila majira ya joto simu za watu wetu ni za namna moja: "Ndugu, kuna kitu cheusi chenye mstari mweupe kimeingia chini ya baraza. Tufanyeje?" Wengine wananipigia wakiwa wameshamwaga petroli shimoni. Jamani, petroli chini ya nyumba ya mbao!

Nitawaambia mapema ninapoelekea. Skanki tunamwogopa kwa sababu isiyo na uzito, ile iliyo na uzito tunaiacha, na katikati hapo tumesahau kwamba huyu ni mnyama wa manyoya, mwenye sheria yake, aliyewalisha na kuwavisha watu wa nchi hii kwa miaka mingi.

Anayeishi kwetu hapa ni skanki mwenye milia. Utamkuta kuanzia kusini mwa Kanada, karibu Marekani yote, hadi kaskazini mwa Meksiko. Umbo ni la paka mnene mwenye miguu mifupi, kilo mbili hadi tano hivi, na dume wa porini aliyeshiba kabla ya baridi anaweza kuzidi hapo. Mwili mweusi tii. Weupe unaanzia kisogoni, unagawanyika mabegani kuwa milia miwili, kisha unateremka ubavu huu na ule kuelekea kwenye mkia wenye manyoya mengi. Waliotoka bara, pande za Dodoma na Singida, wataniambia, "Huyu si kicheche wetu?" Wanafanana kweli, na kicheche naye akibanwa anatoa uvundo. Lakini kicheche yuko jamii moja na nyegere. Skanki nao waliwekwa humo kwa muda mrefu, mpaka 1997 watafiti wa vinasaba walipowatenga na kuwapa jamii yao, pamoja na ndugu zao wawili wanaoishi huko Indonesia na Ufilipino.

Sasa harufu, maana najua ndiyo mnayoisubiri.

Chini ya mkia, kushoto na kulia, kuna tezi mbili, na kila moja ina chuchu yake ndogo inayogeuka kufuata shabaha. Skanki hutoa ukungu akikimbizwa, au mkondo ulionyooka akijua adui yuko wapi, na kwa mita tatu hakosi. Machoni yale maji yanachoma vibaya. Unaweza usione kwa muda, ila upofu wa kudumu hayaleti. Akiba yake inatosha mipigo michache tu, na akiimaliza anahitaji wiki au zaidi kuijaza tena. Ndiyo maana ni bahili. Kabla hajatumia anakuonya, tena si mara moja: anapiga ardhi kwa miguu ya mbele, tap-tap-tap, anasogea mbele kidogo, anarudi nyuma akiburuta kucha, anatoa sauti ya kufyonza, anainua mkia. Mwisho anajikunja mpaka uso na makalio vyote vinakutazama. Ukifika hapo hujaondoka, wa kulaumiwa ni wewe.

Mimi nikimkuta kwenye kizimba siendi mikono mitupu. Nashika blanketi kuukuu mbele yangu, limefunika kuanzia kidevuni hadi miguuni, naenda hatua moja, nasimama, nasema naye kwa sauti ya chini. Akipiga mguu, nasimama mpaka atulie. Macho yake ni hafifu, kitu kinachokwenda polepole hakimtishi. Nikishafunika kizimba kikawa giza, ananyamaza. Nambeba hivyo hivyo mpaka kwenye gari. Wale wanaosema ukimwinua kwa mkia hawezi kupiga, waulizeni walijaribu wapi.

Kinachonuka ni kemikali za kundi la thioli, zenye salfa ndani yake. Pua ya binadamu inazinasa hata zikiwa kidogo mno hewani, na mnazijua tayari bila kujua. Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu. Mwaka 1937 shule moja ya New London, Texas, ililipuka kwa gesi iliyovuja bila mtu kuinusa, wakafa watu karibu 300, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo ikawa sheria gesi itiwe kitu kinachonuka, na kinachotiwa ni ndugu wa hizi hizi thioli. Kwa hiyo mama anayefungua mtungi jikoni Bujumbura akanusa hatari, anaokolewa na ukoo wa skanki.

Mbwa wako akipigwa, usipoteze hela kwenye juisi ya nyanya. Inaifunika pua yako tu mpaka izoee. Mgeni akiingia atakimbia. Mwaka 1993 mkemia wa hapa Marekani, Paul Krebaum, alitangaza mchanganyiko unaofanya kazi kweli, kwa sababu unazivunja zile thioli zenyewe: karibu lita moja ya hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, robo kikombe cha bekingi soda, kijiko kimoja au viwili vya chai vya sabuni ya maji. Changanya hapo hapo, paka mbwa akiwa bado mkavu, epuka macho, acha dakika tano, suuza. Usiuweke kwenye chupa ukaifunga, itapasuka. Na msishangae kama mbwa ambaye hakuoshwa vizuri atanuka upya siku ya mvua: sehemu ya yale maji hukaa kimya kwenye manyoya na kugeuka thioli pale tu inapolowana.

Hiyo ndiyo harufu, na inaoshwa. Tuiache.

Nimeleta ngozi mbili. Naomba zipite mkono kwa mkono, wazee kwanza. Zimechunwa bila kupasuliwa tumbo, zimevuliwa zima kuanzia nyuma, zikawambwa kwenye ubao mwembamba, upande wa nyama nje, zikakwanguliwa mafuta. Na mafuta ni mengi, maana skanki wa Novemba amejiandaa kulala. Mkia umepasuliwa upande wa chini na kubanwa wazi ili usioze. Ingizeni vidole ndani ya manyoya. Kuna tabaka mbili: chini sufu fupi laini, juu nywele ndefu zinazong'aa. Sasa linganisheni. Ya kwanza ina weupe mdogo tu kisogoni. Ya pili ina milia mipana mpaka mkiani. Mnyama ni yule yule mmoja, huenda hata mama mmoja, lakini kwa mnunuzi wa zamani hizi zilikuwa mali mbili tofauti kabisa. Ngozi zilipangwa kwa madaraja kufuata weupe: nyeusi au yenye nyota, mlia mfupi, mlia mwembamba, mlia mpana. Kadiri nyeupe ilivyozidi ndivyo bei ilivyoshuka, kwa sababu nywele nyeupe ni ngumu kidogo na hazishiki rangi sawa na nyeusi. Fundi aliukata mlia wote kwa kisu, akashona vipande vyeusi pamoja.

Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ngozi hizi zilisafirishwa kwa mamia ya maelfu kwenda kwenye masoko ya London na Leipzig. Weusi wa asili usiohitaji kutiwa rangi, urefu, mng'ao, uimara: mabibi wa Ulaya walizipenda kwenye kola na kanzu za baridi. Jina tu ndilo lililokwama kooni. Nani atamwambia mumewe amnunulie koti la skanki? Wauzaji wakampa mnyama jina jingine. Aliitwa "sable ya Alaska", wengine wakasema "marten mweusi". Sable halisi ni mnyama wa Siberia, ghali ajabu. Na Alaska, ndugu zangu, haina skanki hata mmoja! Tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyu alikuwa kizuri aliyelazimika kujitembeza kwa jina la kuazima. Mpaka mwaka 1951 Bunge la Marekani lilipopitisha sheria kwamba kila nguo ya manyoya iwe na lebo inayotaja jina halisi la mnyama, na nchi aliyotoka kama ngozi imeagizwa kutoka nje. Kufikia hapo enzi zake kwenye mitindo zilikuwa zinakwisha hata hivyo.

Huku mashambani hali ilikuwa tofauti. Mvulana wa mkulima hakuwa na aibu ya jina. Alikuwa na mitego michache, aliipitia alfajiri kabla ya shule, na ngozi moja nzuri nyeusi ilimpatia hela ya viatu. Wazee wa Iowa wanasimulia mpaka leo habari za mwalimu kumrudisha mtoto nyumbani kwa harufu. Wanaisimulia wakicheka, na mimi nawaamini. Hakuna kilichotupwa. Mafuta yaliyeyushwa yakawekwa kwenye chupa ya kumpaka mtoto kifua akikohoa, kama bibi zetu walivyofanya na mafuta yao. Yale maji ya tezi yalitolewa kwa uangalifu na kuuzwa kwa watengenezaji wa chambo, kwa sababu mbweha na koyote wanaifuata harufu hiyo kutoka mbali. Biashara hiyo ya chambo ipo mpaka sasa, na kwa bei ndogo ya ngozi ya siku hizi, mtegaji anaweza kupata zaidi kwenye kichupa kuliko kwenye ngozi.

Walikuwepo pia waliodhani watatajirika kwa kumfuga. Mwishoni mwa karne ya 19 na miaka ya mwanzo ya iliyofuata watu walijenga mazizi ya skanki, wakachagua madume meusi wazae weusi. Hesabu ikawakataa. Mfugaji ananunua nyama kila siku, anajenga ukuta ulioingia ardhini kwa sababu mnyama anachimba, halafu anauza kwenye soko moja na yule mvulana ambaye skanki wake wamejilisha wenyewe porini. Mimi sioni ajabu kwamba hayo mazizi hayapo tena.

Porini analishwa na nini? Mende, panzi, viluwiluwi vya wadudu ardhini, panya, mayai, matunda yaliyoanguka. Anakwaruza mlango wa mzinga wa nyuki usiku, walinzi wakitoka anawala mmoja mmoja. Hivyo vishimo vidogo vya duara mnavyoviona kwenye nyasi za uani mwezi wa Septemba, anatafuta buu. Ameshawafanyia kazi bila malipo. Wakulima wa hopsi wa jimbo la New York, wale wanaolima kiungo cha bia, waliligundua hilo mapema. Miaka ya 1890 waliomba skanki alindwe kisheria kwa sababu alikuwa akiwala mabuu yaliyokuwa yakiua mimea yao. Mwaka 1914 Wizara ya Kilimo yenyewe ilitoa kijitabu cha kumtetea, ikisema kwa mkulima faida yake inazidi vifaranga anavyoiba. Mwenye banda la kuku hapa anatikisa kichwa. Funga mlango jioni, mzee wangu.

Katika sheria za Iowa skanki ametajwa kwenye orodha ya wanyama wa manyoya, pamoja na biva, fisi maji, rakuni, mbweha na wengine. Maana yake si mnyama asiye na mwenyewe. Kumtega kwa ajili ya ngozi kuna leseni na kuna msimu, na msimu umewekwa kipindi cha baridi manyoya yanapokuwa yamekomaa na watoto wameshajitegemea. Anayeleta uharibifu nyumbani ana utaratibu wake, na kabla ya kumgusa piga simu kwa afisa wa wanyamapori wa kaunti yako. Ukivuka mpaka kwenda Minnesota mambo yanabadilika, kule skanki mwenye milia halindwi na msimu wowote. Msichukue sheria ya jimbo moja mkaitumia jingine. Na msimkamate mkaenda kumtupa msitu wa mbali mkidhani ni huruma. Majimbo mengi yamekataza hilo, na sababu yake naifikia sasa hivi.

Kwanza niseme juu ya binamu yake. Iowa ilikuwa na skanki wa pili, mdogo, mwenye madoa, mwepesi wa kupanda miti, ambaye akitisha husimama kwa mikono ya mbele miguu juu. Alitegwa kwa wingi kwenye mashamba haya. Kuanzia miaka ya 1940 alianza kupotea kote kwenye nyanda za kati, na leo katika jimbo hili yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Wataalamu wanataja mashamba yaliyobadilika, dawa za wadudu, mitego, magonjwa. Bado wanabishana ipi ilizidi. Nawatajia kwa sababu kila ninapomwambia mtu kuna msimu na leseni, ananijibu, "Kwani si wapo tele?" Huyo naye alikuwa tele.

Wa milia bado yupo. Dume na jike hukutana Februari na Machi, ndipo mnapoinusa barabara kuu maana madume wanazunguka na magari yanawagonga. Mei hadi Juni jike anazaa watoto wanne mpaka saba, vipofu, milia yao ikionekana tayari kwenye ngozi tupu. Wengi hawafiki mwaka wa pili. Adui yake mkubwa wa porini ni bundi mwenye pembe, yule mkubwa, ambaye harufu haimsumbui. Kwetu bundi akilia juu ya bati watu hawalali. Hapa asiyelala ni skanki.

Sasa kama amejichimbia chini ya baraza yako, usimwage chochote. Jioni nyunyiza unga mlangoni mwa shimo, hata wa ugali unafaa, shangazi asikuone tu. Usiku ukiingia vizuri angalia nyayo: vidole vitano, na mbele ya vile vya mguu wa mbele alama za kucha ndefu za kuchimbia. Nyayo zikielekea nje na hakuna zilizorudi, ziba kwa wavu wa chuma ulioshuka ardhini na kukunjwa kwenda nje. Ila kuanzia Mei mpaka mwisho wa Julai usizibe. Utamfungia mama nje na watoto ndani, na hapo ndipo utakapoijua harufu.

Nimefika kwenye lile la uzito. Wengi wenu mmekulia mahali ambapo kichaa cha mbwa kinaletwa na mbwa. Mmeona mtu akifa nacho, au mmesimuliwa na aliyeona. Hapa mbwa wamechanjwa miaka mingi, ugonjwa ukabaki porini, na mmoja wa wanaoubeba ni skanki. Kuanzia miaka ya 1960 mpaka 1990 rakuni alipompita, skanki ndiye aliyeongoza kwa idadi ya wanyama pori waliothibitishwa kuwa na kichaa Marekani, na eneo letu hili la kati lina aina yake ya kirusi inayozunguka kwa skanki wenyewe. Hii ndiyo sababu ya kukataza kumhamisha: unabeba usichokijua ukakipeleka kwa jirani.

Skanki kuonekana mchana peke yake si dalili. Mama mwenye watoto hutoka hata saa tisa alasiri. Anayepepesuka, anayejizungusha, anayekuja moja kwa moja kwako bila kupiga mguu, bila kuinua mkia, huyo ndiye. Watoto ingizeni ndani. Akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili kwa saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri homa, maana dalili zikianza hakuna dawa. Asiyewahi kuchanjwa hupewa dawa ya kinga kwenye jeraha na sindano nne: siku ya kwanza, ya tatu, ya saba na ya kumi na nne baada ya hiyo. Si zile za tumboni mlizoambiwa na bibi, zinachomwa begani. Na mnyama akiuawa msimpige kichwani, maabara wanahitaji ubongo.

Skanki watoto ni wazuri sana, nakiri, na kuna majimbo yanayoruhusu kuwafuga. Lakini hakuna chanjo ya kichaa iliyoidhinishwa kwa ajili yao. Mtoto wako akimwokota akamleta ndani ya sweta akashikwashikwa na familia nzima, kesho mnaweza kuwa foleni moja kwa sindano, na mnyama atapelekwa maabara.

Bili ya hospitali hapa mnaijua. Chanjo ya mbwa ni bei ya chakula cha jioni cha watu wawili, na mara kwa mara kuna siku ambazo hufanywa kwa bei nafuu zaidi. Wenye mbwa humu ndani inueni mikono. Haya. Ambao mbwa wao hawajachanjwa mwaka huu, msishushe. Nakuja na karatasi, niandikieni majina tupange gari la pamoja Jumamosi. Ngozi zirudisheni mezani, na mwenye swali aanze.